Mkataba Usio na Mlango: Uhakiki wa Hukumu Mbili za Mahakama Kuu ya Tanzania kuhusu Wanawake na Urithi

Katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoamuliwa Mwanza mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alithibitisha uuzaji wa ardhi ya ukoo uliofanywa na mwanamke wa Kihaya aliyeirithi kwa wosia wa baba yake. Kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo, si kuiuza. Jaji aliegemea katazo la ubaguzi katika ibara ya 13 ya Katiba, akaitia nguvu hoja yake kwa Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu na kwa Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985.

Hukumu hii imesifiwa, na inastahili. Hata hivyo, sifa hizo hufunika udhaifu mmoja: nyaraka hizo zimepangwa bega kwa bega kana kwamba uzito wake ni mmoja. Tangazo limetajwa katika ibara ya 9 ya Katiba yenyewe. Mkataba, kwa mfumo wetu, huhitaji sheria ya Bunge ili uwe sehemu ya sheria za nchi. Hukumu haikufafanua vya kutosha ni kwa mlango gani mkataba ulioridhiwa bila kutungiwa sheria huingia mahakamani, wala iwapo jaji ajaye analazimika kuuzingatia.

Gharama ya ukimya huo ilionekana mwaka 2006. Wajane wawili wa Kisukuma, waliofukuzwa na wakwe zao katika nyumba walizoishi, walizipinga kanuni za kimila za urithi. Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzibatilisha. Rufaa ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati ya amri. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba huo iliamua kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake.

Kati ya hukumu hizo mbili, maandiko ya sheria hayakudhoofika. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliongeza jinsia katika misingi ya ubaguzi uliokatazwa. Kilichotofautiana ni mwelekeo wa majaji, na haki inayotegemea mwelekeo wa jaji haina tofauti na hisani. Kinachohitajika ni kanuni ya ufasiri inayowafunga majaji wote: pale sheria inapokubali maana mbili, ichaguliwe ile inayoafikiana na mkataba ulioridhiwa, na jaji anayeiacha atoe sababu.