Kabla Tupa Haijagusa Chuma

Ufundi wa mtutu wa bunduki ya marisau ni ufundi wa kujizuia. Chuma kikishakwanguliwa ndani ya mtutu hakirudi tena. Ndiyo maana fundi mahiri, akiletewa bunduki kuukuu ya trapu, mchezo wa kulenga visahani, huipima mchana kutwa kabla ya kugusa mashine.

Mwenye bunduki huja na matamanio yake. Anataka mdomo upanuliwe, utiwe vibanio vya mdomoni (choki) vya kufungua na kufunga, pengine mtutu ukatwe uwe mwepesi. Fundi humsikiliza, kisha humuuliza swali moja: bunduki hii ina kosa gani?

Katika trapu, kisahani cha udongo hurushwa kikimkimbia mlengaji. Upana wake ni sentimita 11 tu, na mara nyingi hupigwa kikiwa kimeshafika mita 30 au zaidi. Kwa hiyo mitutu ya mchezo huu ilibanwa sana mdomoni. William Rochester Pape wa Newcastle, Uingereza, alipata hataza ya ubanaji huo mwaka 1866. Miaka ya 1870 W. W. Greener wa Birmingham akaupa umaarufu. Mtutu wa kipimo cha 12 una kipenyo cha karibu milimita 18.5, na choki kamili huupunguza kwa takriban milimita moja. Kimilimita hicho ndicho kinachoamua marisau yaende pamoja au yatawanyike.

Tatizo ni kwamba risasi zimebadilika. Zamani marisau yalisukumwa na vizibo vya manyoya na kadibodi, yakisuguana na chuma njia nzima. Leo hukaa ndani ya kikombe cha plastiki, hutoka yakiwa hayajabondeka na hushikamana zaidi. Mtutu uliofaa enzi zile huenda leo ukabana kupita kiasi.

Dawa yake huanza kwa karatasi. Fundi hupiga karatasi pana kutoka yadi 40, huchora duara la inchi 30 palipo na matundu mengi, kisha huhesabu. Choki kamili hutarajiwa kuingiza asilimia 70 ya marisau ndani ya duara. Mtutu usiobanwa, kama asilimia 40. Hurudia kwa risasi za aina nyingine, kwani mara nyingi kubadili risasi hutosha.

Kisha huja taa na vipimo. Huku kwetu Kisumu, unyevu wa ziwa hauna huruma kwa chuma kilichosahauliwa kabatini, na vishimo vya kutu huula unene wa mtutu kutoka ndani. Ukuta mwembamba haustahimili kuchongwa hesi za choki za kufungua. Chemba nayo hupimwa: baadhi ya bunduki za zamani zilitengenezwa kwa risasi za milimita 65, na kuzilisha za 70 huongeza shinikizo la hatari. Kukata mdomo ndiko kubaya zaidi, maana choki yote imo katika sentimita chache za mwisho, ukizikata, umeitupa.

Nawaheshimu mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye, lakini kazi hii si yao. Bunduki ya mitutu miwili imeunganishwa kwa lehemu, na moto wa kuchomelea huilegeza. Tena Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haiachi silaha ipite mikononi mwa yeyote tu: mwenyewe awe na leseni, na fundi awe ameruhusiwa.

Bandari yetu ya Kisumu imewahi kuona subira hii ya kutoharakisha kukata chuma ikilipa. MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960 ya kubeba mabehewa ya treni, ilikaa bila kazi miaka mingi. Haikuuzwa kama chuma chakavu, na mwaka 2019 ilirudi majini baada ya kukarabatiwa.

Basi wewe uliyerithi bunduki ya trapu, anza na karatasi na risasi za aina mbili tatu. Ukiona bado inabana mno, fundi apanue choki kwa sehemu ndogo za milimita, mpige karatasi tena, ndipo aendelee. Na akikuambia mtutu huu uachwe ulivyo, mlipe ujira wake wote, kwa sababu hiyo nayo ni kazi aliyoifanya.