Heshima ya Jibu Hasi

Mtaalamu wa maabara husifiwa akimwona bakteria. Mimi humsifu zaidi asipomwona, akaandika hivyo baada ya kutafuta kweli.

Mwanafunzi huanza na mbinu ya Hans Christian Gram, Mdenishi aliyeibuni Berlin mwaka 1884 akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Rangi ya zambarau, ayodini, spiriti, kisha nyekundu: bakteria wengine hubaki na zambarau, wengine hugeuka waridi. Gram mwenyewe alikiri kwamba mbinu yake ina kasoro, akaichapisha hivyo hivyo ili wengine waifanyie kazi. Napenda sana unyoofu huo.

Bakteria wa kifua kikuu hakamatiki vizuri kwa njia hiyo, kwa kuwa ukuta wake umejaa nta. Naye huku Mpanda ana umuhimu wa pekee: kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na vumbi la mwamba likishakaa kwenye mapafu humfungulia mlango.

Ili kumwona, makohozi hutandazwa kwenye kioo, tabaka jembamba kiasi kwamba ukikiweka juu ya gazeti, herufi zinasomeka. Humwagiwa fuksini nyekundu, moto ukapitishwa chini hadi mvuke ufuke, bila kuchemka. Kisha asidi. Asidi hung'oa wekundu kwenye kila kitu isipokuwa kwa yule mwenye nta. Mwisho bluu. Chini ya lenzi, kama yumo, ni kijiti chekundu, chembamba, kilichopinda kidogo.

Vijiti vikijaa zaidi ya 10 katika kila eneo la kuonea, maeneo 20 yanatosha kutoa jibu. Visipoonekana, ni lazima kupitia maeneo 100, mstari kwa mstari, kama mama wa Mpimbwe anavyochambua mchele kwenye ungo. Kadiri kilichomo kinavyopungua ndivyo kazi inavyoongezeka, na hakuna atakayejua ukiishia eneo la 40. Shingo inauma, foleni ya vioo inangoja, na karatasi ni ile ile: hasi.

Siku hizi ipo mashine ya GeneXpert, inayotoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. Ni msaada mkubwa, sina ubishi. Lakini hunasa hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, kwa hiyo haifai kumfuatilia mgonjwa aliye kwenye dawa. Huyo hurudishwa kwenye hadubini. Katika mwezi wa 5 wa matibabu, vijiti vikionekana, matibabu hayo huhesabiwa kuwa yameshindwa na mpango wote hupitiwa upya. Mchimbaji huyo kwa kawaida ameshanenepa, hakohoi, anataka kurudi shimoni. Kioo chake kinastahili maeneo yote 100.