Kitufe Kinachojua Mkono Umechelewa

Waigizaji tunawajua kwa majina, waongozaji pia. Lakini yupo fundi ambaye hatumtaji: aliyekaa akafikiria mtu aliyejilaza kochini, taa zimezimwa, mkono mmoja uko kwenye bakuli la bisi, anatafuta pale alipoishia kutazama jana. Huyo ndiye ninayemsifu leo.

Kazi yake naiona vizuri zaidi kwenye TiVo, mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1999. Badala ya mkanda ilikuwa na diski, na zile za mwanzo zilibeba saa 14 au 30 za vipindi. Waliowahi kumiliki deki wanakumbuka shida iliyokuwapo kabla yake: namba zinahesabu, unakisia, unarudisha, unapitiliza, na saa ya deki yenyewe inawakawaka 12:00 mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeweza kuitega.

Tazama mtu anayeruka matangazo. Amebonyeza kusogeza mbele, picha zinakimbia. Ghafla anaona kipindi kimerudi. Jicho limeona, ila kidole bado hakijapata habari. Kinapobonyeza, sekunde kadhaa za kipindi zimeshapita. Wabunifu wa TiVo hawakumlaumu mtu huyo wala hawakumwandikia maelekezo. Ukibonyeza cheza, mashine yenyewe inarudi nyuma kidogo kisha ndipo inaanza. Na kadiri ulivyokuwa ukienda kasi, ndivyo inavyorudi zaidi. Mtazamaji anajiona hodari wa kulenga, kumbe amebebwa. Sijui ufundi mwingine wenye adabu kuliko huo.

Na ufundi huo haukuwa mwepesi. Video ya kidijitali hubanwa: picha chache tu huhifadhiwa nzima, zilizobaki huandikwa mabadiliko yake tu. Ndiyo maana ukisogeza haraka picha zinarukaruka. Mashine inakuonyesha zile nzima. Mbunifu asiyejua hilo atachora kitu kizuri kisichofanya kazi.

Rimoti ya TiVo ilikuwa na umbo la karanga, imebana kiunoni ili ikae kiganjani, na kidole gumba kikipapasa kinakuta kitufe cha kusimamisha picha kimezungukwa na vya kwenda mbele na nyuma. Ilikuwa na kasoro: ncha zake zilikaribiana umbo mno, gizani unaishika kichwa chini bila kujua. Kuruka sekunde 30 kwa mkupuo nako kulikuwapo, ila kulifichwa nyuma ya mfuatano wa vitufe ambao watumiaji walipeana kama siri. Matangazo ndiyo yanayolipa mishahara ya vituo, kwa hiyo naelewa woga wa wabunifu hapo, ingawa siusifu.

Siku hizi skrini nyingi zimejaa mabango yanayoanza kucheza kabla hujaomba, na kile ulichokiacha katikati kimesukumwa safu ya tatu. Hiyo ni kazi ya muuzaji aliyevaa nguo za mbunifu.

Kwa hiyo ukienda dukani kununua king'amuzi au televisheni, acha kwanza habari za idadi ya chaneli. Omba rimoti, fumba macho, kitafute kitufe cha kusimamisha. Kisha peleka picha mbele, bonyeza cheza, uone inakuangusha wapi. Ikikupitiliza, mrudishie muuzaji rimoti yake.