Kiambata na Mchemsho: Tahakiki ya Ushahidi wa Danshen katika Kinga ya Moyo

Katika maandishi mengi kuhusu tiba ya jadi ya Kichina, mzizi wa danshen (Salvia miltiorrhiza) hutetewa kuwa kinga ya moyo kwa hoja mbili: kwamba umetumika kwa karne nyingi, na kwamba viambata vyake hulinda seli za moyo maabarani. Tahakiki hii inadai kwamba hoja hizo hazihusu kitu kimoja.

Kiambata kinachosifiwa sana ni tanshinoni IIA. Katika seli na wanyama wa maabara, hupunguza madhara yanayotokea damu inaporejea kwenye msuli wa moyo baada ya kuzibwa. Hata hivyo, kiambata hicho huyeyuka katika mafuta, ilhali mgonjwa wa jadi alikunywa mchemsho wa maji. Kilichojaa katika bakuli lake ni viambata vinavyoyeyuka katika maji, hasa asidi ya salvianoliki B. Tanshinoni IIA inayodungwa hospitalini nchini China imebadilishwa kikemia iwe chumvi ya sodiamu. Umri wa mapokeo, basi, hauwezi kuwa shahidi wa dawa ambayo mapokeo hayakuijua.

Ushahidi wa wagonjwa nao hauzibi pengo hilo. Jaribio la QUEST, lililochapishwa mwaka 2024, lilihusisha wagonjwa 3,110 wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo. Kulazwa kwa kuzidiwa na ugonjwa huo, au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, kuliwapata asilimia 25.02 ya waliopewa Qiliqiangxin, dhidi ya asilimia 30.03 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo hayo ni mazito, lakini Qiliqiangxin ni mchanganyiko wa vitu 11. Danshen ni kimojawapo. Kingine ni gome la Periploca sepium, lenye periplosini, glikosidi ya jamii moja na dijoksini. Kuyataja kuwa uthibitisho wa tanshinoni ni kuazima sifa isiyo yake.

Suala hili si la istilahi tu. Danshen huweza kuongeza nguvu ya wafarini na kumtokeza damu mgonjwa. Mtafiti asiyebainisha kama anazungumzia kiambata, mchemsho au mchanganyiko, na kwa kipimo gani, humnyima tabibu taarifa anayoihitaji ili kuizuia hatari hiyo.