Mtanziko wa Maji: Kuisoma Upya Kinjeketile kwa Njia ya Mchezo

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tunalijua swali hili la mtihani: jadili dhamira katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Majibu yake tunayajua pia. Tunaandika umoja, ukombozi, ukatili wa ukoloni, nafasi ya imani za jadi, kisha tunatoa mfano mmoja kwa kila hoja. Mimi mwenyewe niliandika hivyo na nikapata alama nzuri. Lakini likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Dadamu, karibu na mji wa Arua, nilijaribu kuigeuza tamthilia hiyo kuwa mchezo kwa ajili ya wadogo zangu na binamu zangu. Usiku wa kwanza mchezo ulikufa. Nilipotafuta sababu ya kufa kwake, niligundua mambo mawili kuhusu Kinjeketile ambayo alama zangu nzuri zilikuwa zimeyaficha. Makala haya yanayaeleza.

Kwanza nieleze ni mchezo gani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hauna ubao wa lazima wala mshindi. Mtu mmoja ni msimulizi: anaeleza nchi ya kubuni, mito yake, wachawi wake na hatari zake. Wengine kila mmoja anavaa uhusika wa mtu wa nchi hiyo. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanya nini?" Wachezaji wanaamua, na jambo lisilo na uhakika linaamuliwa kwa dadu. Sisi tulitumia dadu ya ludo na daftari moja. Kwa mtu aliyekua akisikiliza hadithi jioni, si jambo geni sana. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anaweza kuikata hadithi na kuipeleka anakotaka.

Nilitaka kisa ambacho kiini chake si vita dhidi ya zimwi, bali uamuzi mgumu wa kimaadili. Nikamkumbuka Kinjeketile gerezani.

Tukumbushane kisa. Katika tamthilia hiyo iliyochapishwa mwaka 1969, watu wa kusini mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania wanateseka chini ya Wajerumani. Kinjeketile anapandwa na Hongo, anazama majini, anarudi na maji ambayo watu wanaamini yatawakinga na risasi. Maji hayo yanayaunganisha makabila ambayo jana yalikuwa maadui. Baadaye Kinjeketile anaanza kuitilia shaka sauti iliyosema kupitia kinywa chake, lakini neno limeshatoka na watu hawangoji tena. Wanaingia vitani, na bunduki za rashasha zinawafyeka. Mwishoni anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Rafiki yake Kitunda anamsihi akubali ili watu wasiendelee kufa. Kinjeketile anakataa, kwa sababu anaona kwamba akikubali, watoto wa kesho wataambiwa kuwa babu zao walikosea kupigana.

Hapa ndipo ustadi wa Hussein ulipo. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya mapigano kuanza. Hakuyaona mashambulizi ya Mahenge ya mwisho wa mwezi huo. Hakuiona njaa iliyofuata baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, njaa iliyofanya wanahistoria wakadirie vifo kuanzia 75,000 hadi 300,000. Hussein anamwacha hai apite kushindwa kote huko, na yeye mwenyewe anatahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu mtu aliyenyongwa mapema hana mtanziko. Ili awe nao, lazima ayaone matokeo ya neno lake na bado awe na mdomo wa kulikana.

Hilo lilinisaidia kutofautisha mtanziko na fumbo. Wote tunalijua fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto kwa mtumbwi mdogo. Linaumiza kichwa, lakini lina jibu, na ukilipata unafurahi na kusahau. Mtanziko hauna jibu la kukufurahisha. Kila njia ina mtu utakayemwacha, na hata ukichagua vizuri utamkumbuka.

Basi nikabuni nchi yangu. Kuna vijiji vitatu vilivyokuwa na uhasama wa muda mrefu. Juu yao wametawala Watu wa Chuma, ambao kila mwaka huchukua mtoto mmoja kutoka kila nyumba na kumpeleka migodini. Mtunza chemchemi mmoja mzee ametoa maji yanayozuia chuma kupenya mwili. Vijiji vimeyanywa, vimepatana, na kesho alfajiri vitapigana. Wachezaji wanne ni wasaidizi wa mzee huyo. Usiku wanagundua kwamba maji hayazuii chochote. Wakisema ukweli, umoja unavunjika na kesho watoto wanachukuliwa. Wakinyamaza, watu wanakwenda kuyakabili mapanga vifua wazi.

Niliona nimetunga kisa kizito. Kilidumu dakika tano. Binamu yangu mkubwa alisema, "Tunawaambia ukweli," wengine wakakubali, na wakaniuliza sasa zimwi liko wapi. Nilipowasihi wafikiri zaidi, mdogo wangu akaniuliza, "Dada, wewe unataka tujibu nini?"

Swali hilo lilinichoma. Walikuwa wanacheza kama tunavyofanya mitihani. Walijua kuna mtu mwenye karatasi ya majibu, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshawaambia kwamba maji ni uongo. Baada ya hapo waliobaki kuamini walionekana wajinga tu, na nani ahangaike kwa ajili ya wajinga? Nikakumbuka kwamba hata darasani tunaisoma Kinjeketile hivyo. Tunajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba maji hayazuii risasi. Kwa hiyo tunawahurumia wahusika kutoka juu, kama mtu mzima anavyomhurumia mtoto anayeogopa kivuli. Hussein hakuwaandika hivyo. Wahusika wake hawajui. Kinjeketile mwenyewe hajui: anashuku. Shaka yake ndiyo inayomtesa, na sisi wenye uhakika tunaipita haraka ili tufike kwenye dhamira.

Jambo hili kwetu West Nile halipaswi kuwa geni. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkakwa aitwaye Rembe aligawa maji kwa Walugbara, katika kile kinachokumbukwa kwa jina la Yakan. Wilaya ilikuwa imepita mikononi mwa Wabelgiji, kisha Sudan, kisha ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Watu waliokunywa waliamini maji yangewakinga na risasi za serikali. Rembe alikamatwa na akauawa Yei mwaka 1917, na mwaka 1919 wafuasi wa Yakan walipambana na askari. Kisa chetu na cha kusini mwa Tanzania si kimoja, lakini swali lililomkabili aliyeshika kibuyu ni lile lile. Sikutaka kuutumia mchezo wangu kuzitaja koo za majirani kama wahusika. Lakini nilitaka wachezaji wapate walichokuwa nacho watu wale, yaani kutojua.

Na hapa ndipo nilipoelewa faida ya nchi ya kubuni. Katika nchi ambamo wachawi wanaruka na mito inasema, maji yanaweza kweli kuzuia chuma. Mchezaji hana historia ya kumhakikishia kwamba hayafanyi kazi. Watu wengi huona hadithi za ajabu kama njia ya kuukimbia ukweli. Kwangu ilikuwa kinyume: ajabu ndiyo iliyowarudisha wachezaji mahali pa mtu wa mwaka 1905, ambaye alisimama mbele ya kibuyu bila kujua kilichomo.

Usiku wa pili nilibadilisha mambo matatu. La kwanza, niliondoa uhakika. Wachezaji waliyajaribu maji kwa kuku, dadu ikaamua: kuku wa kwanza alikufa, wa pili kisu kiliteleza. Je, ni maji au ni mkono uliotetemeka? La pili, kila mchezaji alipata mtu wake ndani ya safu: kaka aliyekuwa mwoga hadi alipokunywa, jirani aliyesamehe damu ya mwanawe kwa sababu ya maji hayo. La tatu, nilikaa kimya. Walipouliza ninataka nini, nilisema msimulizi hana jibu, na safari hii nilisema kweli.

Walibishana mpaka taa ikaisha chaji. Binamu aliyekuwa wa kwanza kusema "tuwaambie" sasa ndiye aliyekataa, kwa sababu kaka yake wa kubuni alikuwa amesimama wima kwa mara ya kwanza maishani. Bibi yetu alikuwa pembeni akimenya karanga, na sikudhani anasikiliza. Mwishowe akauliza, "Hao watoto watachukuliwa lini?"

Nikamjibu, "Kesho asubuhi, bibi."

"Na sasa ni usiku. Mbona hamjawaficha watoto? Na mama zao mmewauliza?"

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na bibi alikuwa mmoja wao, akiwa na watoto mgongoni na mkononi. Leo ni zamu yetu kupokea wakimbizi wa Sudan Kusini huko Bidi Bidi na Rhino Camp. Kwa bibi, watu wenye silaha wakija, swali la kwanza si kama kiongozi aseme kweli au anyamaze. Ni watoto wako wapi.

Wachezaji wakalichukua neno lake. Wakaenda kuwaamsha wanawake wa vijiji vitatu, na mimi nikalazimika kuwaigiza wanawake ambao sikuwa nimewaandika kabisa. Mmoja alisema hajawahi kuyaamini maji, bali alikunywa ili jirani amwamini yeye. Maneno hayo yalinitoka bila kupanga, na nimeyafikiria tangu siku hiyo. Watoto walifichwa porini. Uamuzi huo haukuufuta mtanziko, kwa sababu wazee hawakuweza kutembea, na waliobaki kuwalinda bado walihitaji kuambiwa au kutoambiwa. Lakini sasa walioamua walikuwa wengi.

Hapo nilirudi kwenye tamthilia na kuuona udhaifu wake. Kinjeketile inaanza na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, wakizungumzia njaa. Baadaye Chausiku, binti wa Kitunda, ananyakuliwa na watumishi wa utawala wa Mjerumani. Yaani tamthilia inajua vizuri nani analipa gharama. Hata hivyo, uamuzi mkubwa unapofika, umefungiwa gerezani kati ya wanaume. Mtanziko wa watu maelfu umekuwa mali ya mtu mmoja. Waliokunywa maji hawaulizwi kama waliyaamini, kwa kiasi gani, na kwa nini. Labda wengine walikunywa kwa imani, wengine kwa hofu ya kubaki peke yao, na wengine kwa sababu ile ya mwanamke wangu wa kubuni. Kama ni hivyo, basi "maji ni uongo" ni jibu la swali ambalo wengi wao hawakuwa wameuliza.

Anaweza kutokea mtu akasema ninaidai tanzia isiwe tanzia. Tanzia humhitaji mtu mmoja mkubwa abebe mzigo, na Hussein aliandika wakati taifa changa lilihitaji kuona kwamba mashujaa wake hawakupigana bure. Ninaikubali hoja hiyo kwa sehemu. Bila upweke wa Kinjeketile, maneno yake ya mwisho yasingekuwa na uzito. Lakini kukubali kwamba mwandishi alikuwa na sababu hakutuzuii kutaja alichokiacha nje. Jukwaa lina mlango mmoja na hadhira iliyokaa. Mchezo ulinionyesha kilichoko nje ya mlango kwa sababu tu mmoja wa hadhira, mwenye karanga mkononi, aliruhusiwa kuuliza.

Kwa wenzangu watakaotaka kutunga mchezo wa namna hii, nina machache ya kusema. Usiwape wachezaji uhakika ambao wahusika hawakuwa nao. Mpe kila mchezaji mtu wa kumpoteza. Wakitafuta njia ya tatu usiwazibie: waache wapite, kisha uwaonyeshe gharama yake. Na usiwe na karatasi ya majibu mfukoni.

Kwa walimu wetu nina ombi moja. Pamoja na swali la dhamira, tuulizwe siku moja: ungekuwa Bi Kitunda, ungemshauri Kinjeketile nini, na ungeweza kuishi na ushauri wako? Sitaweza kulijibu swali hilo kwa hoja tano zenye mifano. Nadhani ningelijibu vibaya, na ningeisoma tamthilia tena.