Ishike, Lakini Iteleze

Mkono ukilazwa mezani, kiganja juu, ukaachwa ulegee, vidole havilali sawasawa. Cha shahada hujikunja kidogo, cha kati hukizidi, cha pete huzidi tena, na cha mwisho ndicho hujikunja kuliko vyote. Ni kazi ya kano, kila moja ikivuta kwa kiasi chake hata mwenye mkono akiwa amelala fofofo. Daktari bingwa wa mikono akiletewa mtu aliyekatwa na kisu, huutazama mpangilio huo kabla hajagusa kitu. Kidole kimoja kikiwa kimenyooka peke yake katikati ya vilivyojikunja, ameshajua kilichokatika. Halafu huuliza swali ambalo majeruhi wengi hawalitarajii: ulipokatwa, vidole ulikuwa umevikunja au umevinyoosha?

Swali lina sababu. Aliyekuwa amekamata kisu au chupa kwa ngumi, kano yake ilikatika ikiwa imevutwa kuelekea kiganjani. Kidole kikinyooshwa mezani, ncha iliyobaki upande wa mbele husogea mbali na jeraha linaloonekana kwenye ngozi. Daktari asiyeuliza atapasua mahali pa jeraha na asiikute. Ninaupenda ufundi unaoanza kwa swali la namna hii, linalompa mgonjwa nafasi ya kueleza alivyoshika kitu chake siku ile.

Ndani ya kidole hakuna msuli. Nguvu ya kushika jembe au kukamua nguo hutoka kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ikafikishwa vidoleni na kano, zile kamba nyeupe zinazong'aa ambazo mitaani tunaziita mishipa. Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja. Moja huishia kwenye pingili ya kati, nyingine huendelea hadi pingili ya ncha. Ile ya ncha hutokea chini ya mwenzake, kwa hiyo lazima impite. Na namna inavyompita ni ajabu ambayo sichoki kuifikiria. Kano ya juu hupasuka katikati ikawa matawi mawili, ikamwachia mwenzake njia, kisha matawi hayo yakakutana tena nyuma yake na kushika mfupa. Petrus Camper, mwanaanatomia Mholanzi wa karne ya 18, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye njia panda hiyo ndogo.

Kano hizo mbili hukaa pamoja ndani ya ala moja nyembamba, iliyokazwa na pete tano ngumu. Kazi ya pete ni kuizuia kano isiachane na mfupa. Pete ya pili na ya nne ndizo zenye uzito zaidi: zikiharibika, kano huinuka kama ugwe wa upinde kila mtu anapokunja kidole, na ngumi haifungi tena. Ndani ya ala nafasi ni finyu mno. Mshono ukiwa mnene hukwama kwenye ukingo wa pete; ukiwa dhaifu hukatika; na hata ukiwa mzuri, mwili wenyewe huanza kutengeneza kovu linaloigandisha kano kwenye kuta za ala. Mfupa uliovunjika hupona kwa kutulia. Kano ya kidole inatakiwa ishike na iteleze, yote mawili kwa pamoja, na mahitaji hayo mawili hupingana kila siku ya uponaji wake.

Sterling Bunnell wa San Francisco, ambaye kitabu chake cha upasuaji wa mkono kilitoka mwaka 1944, aliiita sehemu hiyo ya kidole ardhi isiyo na mwenyewe, jina la uwanja ulio kati ya mahandaki ya majeshi mawili. Ushauri wake ulikuwa kutoishona kano pale pale. Safisha, funga ngozi, subiri, kisha siku nyingine uchukue kano kutoka mahali pengine mwilini na kuipandikiza. Wako wanaomsimulia Bunnell kama mtu aliyechelewesha mambo. Simuoni hivyo. Ni yeye aliyesisitiza kwamba nyama laini za mkono zishikwe kwa upole, zisibanwe wala kukwaruzwa, na kwa nyuzi na vifaa vya wakati wake tahadhari hiyo iliokoa vidole vingi kutoka kwa wapasuaji wenye haraka.

Waliovuka uwanja huo walikuja baadaye. Claude Verdan alishona kano hizo moja kwa moja kule Lausanne, Uswisi. Na mwaka 1967 Harold Kleinert wa Louisville, Kentucky, aliwaletea wapasuaji wa mikono wa Marekani matokeo ya wagonjwa wake walioshonwa mapema. Wengi walisikiliza kwa mashaka. Leo kushona mapema ndilo jambo la kawaida.

Ngozi ya kidole hupasuliwa kwa mistari ya kona kona, kulia na kushoto, maana kovu lililonyooka kupita kwenye mikunjo lingejivuta likipona na kukifunga kidole. Ncha ya kano upande wa kiganja mara nyingi imekimbia, imevutwa na msuli wake. Mpasuaji mbaya huingiza koleo gizani ndani ya ala na kunyakua hadi apate. Kila mnyakuo ni jeraha jipya, na kila jeraha jipya ni kovu la kesho. Mpasuaji mzuri hukunja kifundo, hukamua kigasha taratibu kuelekea chini, na kano ikikataa kutokea, hufungua tundu dogo kiganjani na kuirudisha njia yake kwa mrija laini wa plastiki. Akishaipata huishika kwenye uso uliokatika tu. Ule mgongo wake unaong'aa, unaopaswa kuteleza, haugusi.

Kisha ashone, akiwa amevaa miwani ya kukuza. Nguvu ya mshono hutegemea zaidi idadi ya nyuzi zinazovuka pale pa kukatika: zamani zilikuwa mbili, sasa wengi hupitisha nne, na Jin Bo Tang wa Nantong, China, ameeneza mshono wa nyuzi sita. Baada ya hapo uzi mwembamba zaidi huzungushwa kandokando, kulainisha ukingo usikwame kwenye pete. Ncha mbili zikiachana milimita chache tu, kazi yote iko hatarini.

Hapa ndipo jambo ninaloliheshimu kuliko yote linapoingia. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba adrenalini haidungwi kidoleni, kwa kuwa hubana mishipa ya damu na kidole kinaweza kufa. Donald Lalonde na wenzake wa Kanada hawakuridhika na katazo hilo. Walioipekua historia waliona kwamba lawama kubwa ilistahili prokaini, ganzi ya zamani, ambayo ikikaa sana kwenye chupa hugeuka kuwa na asidi kali. Mwaka 2005 kundi la Lalonde lilichapisha taarifa ya wagonjwa 3,110 waliodungwa adrenalini mikononi na vidoleni, mmoja baada ya mwingine. Hakuna kidole hata kimoja kilichokufa.

Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Ganzi ikichanganywa na adrenalini, kisha ikasubiriwa kama nusu saa, kuvuja kwa damu hupungua kwenyewe. Hakuna haja ya mkanda wa kubana mkono, ambao mtu aliye macho hauvumilii kwa muda mrefu, wala ya dawa ya usingizi. Mgonjwa analala pale anaongea. Kabla ngozi haijafungwa, daktari humwambia: "Haya baba, kunja kidole. Nyoosha. Kunja tena." Kano hupita mbele ya macho yao. Pengo likifunguka, mshono mmoja huongezwa. Ikikwama kwenye pete, ukingo wa pete hupunguzwa kidogo. Zamani kasoro hizo ziligundulika baada ya wiki, kidole kikiwa kimeshaganda na matumaini ya mwenyewe yamefifia. Sasa hurekebishwa pale pale mezani. Na kwa hospitali zetu nyingi za wilaya, ambako mtaalamu wa dawa ya usingizi ni mmoja na ameitwa kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, njia hii inaweza kumwondoa fundi seremala aliyekatwa kidole kwenye foleni ya siku nyingi.

Lakini mshono ni nusu ya kazi, tena pengine si nusu kubwa. Nusu ya pili ni ya mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye sifa hazimfikii. Yeye hufunga banzi mgongoni mwa mkono ili vidole visinyooke kupita kiasi. La plastiki maalumu likikosekana, plasta ya jasi hutosha. Kleinert alitumia mpira uliofungwa kwenye ukucha ukikivuta kidole kijikunje chenyewe. Mwaka 1989 madaktari wa Belfast walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kukikunja kwa nguvu zake mwenyewe ndani ya siku chache, alimradi asikaze.

"Alimradi asikaze" ni maneno mepesi kuandika. Nyumbani kila mtu anamwambia mgonjwa autulize mkono. Shangazi akimwona anaukunja humfokea. Kliniki anaambiwa aukunje kila siku, kidogo kidogo, lakini asinyanyue hata kikombe.

"Dada, mbona wananiambia nikiuchezesha utakatika?" mgonjwa humuuliza mtaalamu.

"Ukibeba kitu utakatika, kaka. Ukiuacha kabisa utaganda. Fanya nusu ngumi, basi. Mimi nitakwambia siku ya kuongeza."

Katika wiki chache za mwanzo ndipo kano hukatika upya kwa urahisi. Banzi huondolewa karibu na wiki ya sita, na kazi nzito husubiri hadi kama wiki ya kumi na mbili. Hiyo ni miezi mitatu ya nauli, ya kazi iliyosimama na ya kupimwa nyuzi za mkunjo kwa kipimo kidogo cha pembe, huku mtaalamu akiandika namba na kuamua leo aongeze au angoje.

Wataalamu hawa hawa wanajua pia lini kisu hakihitajiki. Kidole kikipigwa na mpira ncha ikainama isiweze kunyooka, tiba mara nyingi ni kukinyoosha kiungo cha ncha kwenye kibanzi kwa wiki sita hadi nane, usiku na mchana. Ncha ikiachwa iiname mara moja tu wakati wa kuoga, hesabu huanza upya. Hakuna mshono hapo, ni kumfundisha mtu avue kibanzi kidole kikiwa kimelala bapa juu ya meza.

Na kuna vidole ambavyo, pamoja na yote hayo, huganda. Kano imeshikana kabisa lakini haitelezi. Timu nzuri haimlaumu mgonjwa. Hungoja miezi makovu yalainike, viungo vikiendelea kuzoezwa kwa mkono mwingine, kisha humrudisha mezani, akiwa macho kwa ganzi ile ile. Makovu hukatwa utando kwa utando, na kila baada ya hatua huombwa akunje, hadi kidole kifike pale mpasuaji alipokusudia tangu mwanzo. Mazoezi huanza kesho yake, uvimbe ukiwa haujatulia.