"Makisio" au "Ukaribiaji"? Uhakiki wa Istilahi za Machujio ya Mawimbi

Miongoni mwa istilahi za kielektroniki zinazotumika katika tafsiri na madarasani, yako mawili yanayostahili kuhakikiwa: "makisio" na "kosa". Aghalabu hutumiwa kuelezea jinsi machujio ya mawimbi ya umeme yanavyosanifiwa kwa polinomia. Maoni yetu ni kwamba hayafai katika uwanja huu.

Neno "chujio" lenyewe halina ubishi. Chujio la jikoni hupitisha tui na kuzuia machicha. Chujio la mawimbi hupitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine. Chujio kamili lingepitisha kila kitu hadi kwenye mpaka, kisha lisipitishe chochote. Chujio la namna hiyo haliwezi kujengwa kwa koili na kapasita chache. Hivyo msanifu hutafuta polinomia ambayo mchirizo wake utaukaribia ukamilifu huo.

Tuchukue mfano wa Kilosa. Treni za umeme zipitazo huko tangu 2024 hutumia umeme wa volti 25,000, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Mitambo ya treni za aina hii huweza kuzaa mawimbi yasiyotakiwa, kama yale ya mizunguko 150. Tuseme kipimo fulani kinatakiwa kusoma wimbi la 50 na kulizuia la 150, na mpaka umewekwa kwenye 75, mahali ambapo nguvu hupungua hadi nusu. Chujio la Stephen Butterworth, Mwingereza aliyeeleza njia yake mwaka 1930, likiwa la digrii ya 4, litapitisha sehemu 1 tu kati ya 257 za nguvu za wimbi la 150. Chujio la digrii hiyo hiyo lililosanifiwa kwa polinomia za Mrusi Pafnuty Chebyshev laweza kupitisha sehemu 1 kati ya 9,410. Gharama yake ni kwamba, chini ya mpaka, nguvu zitapanda na kushuka kati ya kiwango kamili na nusu yake.

Hesabu hizo zajulikana kabla waya haujaunganishwa. Je, hayo ni makisio? Katika ofisi zetu, makisio ya mapato ni tarakimu inayongoja kusahihishwa na mapato yenyewe. Kukisia ni kusema pasipo kupima. Chebyshev, aliyechapisha nadharia yake mwaka 1854 akichunguza viungo vya injini za mvuke, alitafuta polinomia ambayo umbali wake mkubwa kabisa kutoka kwenye lengo ni mdogo kuliko wa nyingine zote za digrii yake. Mtumishi anayesoma "makisio" katika hati ya zabuni atadhani mwuzaji hana uhakika, na huenda akakataa chombo kizuri.

Neno "kosa" lina madhara zaidi. Mwanafunzi wa ufundi huko Mikumi, penye chuo cha VETA, akiambiwa kwamba kupanda na kushuka huko ni "kosa la chujio", atafungua kifaa akatafute kapasita mbovu. Hakuna kilichoharibika; tofauti ile ilichaguliwa na msanifu kwa makusudi.

Kwa hiyo twapendekeza "ukaribiaji" mahali pa "makisio", na "mkengeuko" mahali pa "kosa". Njia ya Butterworth, ambayo mchirizo wake hulala bila mawimbi, iitwe "ukaribiaji tambarare"; ile ya Chebyshev iitwe "ukaribiaji wa mawimbi sawa", kwa kuwa vilele vyake vyote chini ya mpaka vina kimo kimoja. "Makisio" yabaki katika bajeti, na "kosa" liachiwe kifaa kilichoharibika kweli. Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao. Yakiwakwama mahali, hapo ndipo tutakapojua pa kuyarekebisha.